Munyororo wa Mujomba

Mimi njo mwenye kosa. Musinitafutie mutu wa kunisaidia kulibeba, hayupo.

Hapa Kasongo tulifungua mize, chumba kimoja cha kuonyesha biashara ya zamani. Vitu vilishushwa katika meli za bahari, vikabebwa kwa kichwa mpaka kwetu, na pembe za tembo zikarudi njia ileile, pamoja na watu. Mimi nilipewa kazi ya kupanga meza. Ushanga tulipata. Vitambaa tulipata. Meza ya watu waliouzwa ilibaki tupu, na wageni wanafika kesho. Ee Mungu, hiki kichwa changu!

Nikapanda pikipiki mpaka Nyangwe, kando ya muto Lualaba, kwa mujomba wangu, muvuvi. Mutumbwi wake ulifungwa kwa munyororo wa kutu, muzito, wa kutisha. Mwenyewe alikuwa musikitini. Nikaufungua, mutumbwi nikaufunga kwa kamba. Nilijiambia ni siku moja tu. Nikauweka mezani, nikaandika: MUNYORORO WA WATUMWA.

Watu walipita, wakatikisa kichwa. Nikajisikia mutu wa maana.

Halafu akafika Bibi Zaina, ametoka kijiji cha Wamaza, kiuno kimekufa kwa pikipiki. Akaushika ule munyororo, asiuache. Dada wa nyanya yake alikamatwa akichota maji, akapelekwa upande wa bahari. Kwao hakuna kaburi lake. Kila musiba wanamulilia yeye kwanza.

"Mutoto wangu," akaniuliza, "hii ni ya kweli?"

Hapo njo ningesema! Kinywa kilikuwa wazi kabisa.

"Ya kweli, bibi."

Akaomba auzike kaburini, mahali pa yule dada. Nani angekataa? Wakubwa wa mize walikubali, na mimi nimesimama palepale. Tukaenda Wamaza, watu wakalia, kaburi likachimbwa. Udongo wa kwanza nikapewa mimi, kwa sababu mimi njo nilimurudisha nyumbani. Nikatupa.

Kurudi, namukuta mujomba anakaa mulangoni kwangu. Ile kamba ilikatika, mutumbwi umeenda na Lualaba.

"Munyororo wangu uko wapi?"

"Iko kaburini, mujomba."

"Kaburi ya nani?"

"Ya dada wa nyanya wa bibi mumoja wa Wamaza."

Aliniangalia sana. Akasema ataenda mwenyewe, atamwambia huyo bibi ukweli wote, na atachimba.

Akaenda. Akarudi na kuku, bila munyororo. Bibi alimupokea kama ndugu, akamupeleka kaburini, akamwambia tangu siku ile analala vizuri. Halafu akamuuliza kama na yeye aliujua ule munyororo.

"Ukamwambia nini, mujomba?"

"Nilisema ni ya kweli."

Sasa tuko waongo wawili, na mumoja hana mutumbwi. Anavua kwa mutumbwi wa jirani, mimi hanisalimu tena, na haki iko yake. Mujomba aliyenilea! Bibi naye ananitumia salamu kwa kila pikipiki inayotoka Wamaza. Nazipokea, narudisha zangu.

Ninyi munaopanga vitu vya wazee, nawaomba, meza ikikosa kitu iacheni hivyo. Yetu iko tupu sasa. Wageni wanaupita ushanga haraka haraka, halafu wanasimama pale, na hakuna mutu anayewaambia kitu.