Kusimama Mbele ya Mteja

Nilifungwa kwa sababu ya ufuta. Watu wakisikia hivyo hudhani niliiba magunia, na wengine huwa siwasahihishi, maana mwizi anaeleweka haraka kuliko mtu aliyekuwa na haki yake akaiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Shamba langu lilikuwa Naipingo, wilaya ya Nachingwea, na mwaka ule ufuta ulikuwa umeshaanza kubeba. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, kati ya hawa waliohamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, waliingia asubuhi wakala, na walichoshindwa kula wakakikanyaga. Mwenye ng'ombe nilimkuta kasimama na fimbo yake mabegani, ananiambia tukae tuzungumze. Sikukaa na sikuzungumza. Nilichukua mpini wa jembe nikamvunja mkono. Ng'ombe walikula, mimi nikafungwa. Mpaka leo nikisema hivyo damu inachemka, ingawa najua hakimu hakunionea.

Nilipewa miaka mitatu. Nyumbani niliacha mke na mtoto wetu wa kike wa miaka minne. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya mwanamke ni mjomba wake. Kabla mwezi haujaisha mjomba wa mke wangu alikuja Naipingo, akawachukua wote wawili, akawarudisha kwao Nanganga, upande wa Ruangwa. Hakunitukana. Aliacha ujumbe tu: nikitoka, nisimfuate mke mpaka niwe na kazi ya kuonyesha. Nikiwa nayo atakuja kuiona kwa macho yake. Asiporidhika, nitaandika talaka na mambo yataishia hapo.

Gereza lenyewe silitaji, wala mji wake. Hawakunitendea lolote ambalo hawakuwatendea wengine. Mwaka wangu wa pili ulikuja mpango wa mafunzo, kutoka shirika fulani, wa kutuandaa kwa maisha ya uraiani. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye viatu vilivyokuwa vikilia akitembea. Alituambia tumwite mwalimu, siyo afande, na ndimi zetu zilihitaji wiki nzima kulizoea neno hilo.

Nilichagua kuoka mikate. Sikuchagua kwa mapenzi. Orodha ya ushonaji ilikuwa imejaa. Nikapangwa kukanda unga na mfugaji. Siyo yule niliyemvunja mkono, lakini wa huko huko kwao, naye kafungwa kwa kuingiza mifugo hifadhini. Siku ya kwanza nilikanda kwa hasira mpaka akaniuliza, "Kaka, unga umekukosea nini?" Nikamwambia ng'ombe wa ndugu zake ndio walionikosea. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi piga huo unga, mimi niache." Nilicheka bila kutaka. Alikuwa na mikono ya kuoka kunishinda, na hilo nalo liliniuma.

Mchana tulikuwa na somo la stadi za maisha. Tulifundishwa kushusha pumzi hasira ikipanda, kupanga biashara, kuzungumza na mke bila kufoka. Ila somo ambalo mwalimu alilipenda kuliko yote lilikuwa la kumpokea mteja. "Mteja akifika, simama wima," alikuwa akisema. "Mtazame usoni. Mwambie karibu. Mtu hanunui chakula kwa anayetazama chini." Tulifanya mazoezi, mmoja muuzaji, mwingine mteja. Yule mfugaji alikuwa mteja msumbufu, anabonyeza boksi tulilolifanya mkate, anadai umelala. Mimi nasimama wima, namtazama usoni, namwambia karibu tena kesho. Nilikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu alisema nina sura ya mfanyabiashara, nami nikamwamini, mjinga mimi.

Somo hilo lilikuwa mara mbili kwa wiki. Kuchuchumaa kulikuwa kila siku. Mfungwa huchuchumaa akihesabiwa asubuhi, akihesabiwa jioni, na kila anaposemeshwa na askari: unashuka, mikono juu ya magoti, macho chini, "Ndiyo, afande." Ni utaratibu tu. Hakuna aliyetupiga kwa ajili yake kwa sababu hapakuwa na haja. Baada ya miezi michache magoti yanashuka yenyewe. Siku moja tukiwa katikati ya somo la mteja, mimi nimesimama na boksi langu mkononi, askari aliingia kumletea mwalimu chaki. Darasa zima likashuka. Mwalimu akabaki amesimama peke yake mbele yetu. Askari alipotoka tukainuka, na yule mama akageukia ubao akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema tuendelee, tulikuwa wapi. Hakulisema jambo lile siku hiyo wala siku nyingine. Nimemlaumu kwa hilo, ingawa sijui nilitaka aseme nini.

Niliachiwa baada ya miaka miwili, kwa kuwa theluthi husamehewa. Naipingo sikurudi kukaa. Nilikwenda Ruangwa mjini kwa dada yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko karibu na njia ya kwenda stendi. Majirani alikuwa amewaambia niko Mtwara kwenye kiwanda cha korosho. Nilitoka gerezani na cheti kizuri chenye picha yangu na mhuri wa gereza. Kinathibitisha kwamba najua kuoka, na kinathibitisha pia nilikojifunzia. Dada alikisoma, akakirudisha kwenye bahasha, akakiweka chini ya godoro lake.

Nilijenga tanuri uani kwa dada kwa matofali na udongo wa kichuguu. La kwanza lilipasuka. La pili likashika. Nikaanza na skonzi, nikaja mikate, na ndani ya miezi michache wenye vibanda vya chai stendi wakanijua. Nilikuwa nikifanya kila nilichofundishwa. Nilivaa shati safi, nilisimama wima, niliwatazama usoni. Mama mmoja muuza chai alinitania kwamba namkaribisha kama anayetaka kumposa. Mwaka ulipokaribia kuisha nilituma salamu Nanganga: kazi ipo, njooni muone.

Walikuja Jumamosi asubuhi, mjomba, mke wangu na mtoto. Mke wangu alikuwa amekonda, amevaa kanga ambayo sikuijua. Mtoto sasa alikuwa na miaka saba. Alinipa shikamoo nzuri kabisa, ile ya kumpa mgeni, kisha akajificha nyuma ya mama yake. Niliitikia marahaba, nikageuka kushughulika na kuni ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa.

Mjomba alikaa kwenye benchi akala skonzi mbili. Kisha akainuka, akalizunguka tanuri, akaligonga kwa mkongojo.

"Hili umejenga mwenyewe, mkwe?"

"Mwenyewe, mjomba."

"Na jirani hawalalamiki moshi?"

"Nawahi kuwasha, mjomba. Wanaamka moshi umekwisha."

Akaguna, akarudi kukaa. Wateja walikuja wakaondoka, nami niliwahudumia mbele yake. Kila nilipomwambia mtu karibu nilimwona mke wangu ananiangalia, na safari moja akatabasamu, akafunika mdomo kwa kanga. Kwa tabasamu lile ningejenga matanuri kumi. Mtoto alitoka mafichoni kidogo kidogo mpaka akasimama karibu yangu, nikampa skonzi ya moto, akawa anaihamisha mkono huu na huu. Saa nne hivi mjomba akajifuta makombo, akasema, "Mkwe, kazi naiona. Ijumaa nitamleta na mizigo yake."

Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru mara tatu au nne. Nilikuwa bado namshukuru ndipo nikasikia buti nyuma yangu na sauti nzito ikasema, "We! Mkate upo?"

Alikuwa mgambo. Mgambo wa sokoni, mwenye sare za kaki, mtu ambaye hata bunduki hana. Nilikuja kumjua baadaye, ni kijana mwema, anapenda mkate wa pembeni ulioungua kidogo. Lakini mimi sikumwona mtu. Niliona kaki na buti, nikasikia "We!", na nilipokuja kujitambua nilikuwa chini, nimechuchumaa kwenye majivu ya tanuri langu mwenyewe, mikono juu ya magoti, na kinywa changu kinasema, "Ndiyo, afande."

Mgambo mwenyewe aliona haya. "Inuka, bwana," alisema. "Mimi nataka mkate tu."

Ningeinuka. Naapa nilikuwa nainuka. Lakini pembeni yangu kitu kilisogea, nikageuza macho bila kuinua kichwa. Mwanangu alikuwa ameshuka naye. Alichuchumaa sawasawa na mimi, skonzi kaiweka chini, mikono juu ya magoti, macho kwenye majivu. Alidhani ndiyo adabu ya hapa kwa baba. Alitaka kunipendeza.

Mama yake alikuja akamnyanyua kwa mkono mmoja, kwa nguvu, mtoto akalia. Mjomba alisema maneno machache kwa Kimwera, ya kumwambia mpwa wake achukue mfuko waende, gari lisiwaache. Mimi niliinuka, nikampa mgambo mkate wake, nikamwambia karibu tena. Nilisema hivyo kweli. Muuza chai, ambaye alikuwa amefika katikati ya hayo yote, alisimama ananitazama magoti yaliyojaa majivu, na nikajua kwamba ile habari ya Mtwara imekufa pale pale. Mlangoni mjomba aligeuka akaniaga vizuri. Kuhusu Ijumaa hakusema neno, nami sikuuliza.

Ijumaa nilivaa kanzu, nilirudi mapema kutoka msikitini, nilifagia ua. Hawakuja. Ijumaa ya pili pia. Biashara haikuyumba sana. Watu wakishapenda mkate wako wanaupenda, wanakusengenya huku wanatafuna. Nilimchukia yule mwalimu na viatu vyake. Nilijichukia zaidi. Kila jioni nilijifunza upya peke yangu uani, dada ananipigia kelele ghafla kutoka ndani, "We!", na mimi najikaza nisishuke. Tulifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Dada alikuwa akilia baadaye, akidhani simsikii.

Kisha mke wangu akapiga simu. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema alikwenda na mtoto mnadani. Akapita polisi, hana habari nao, anakwenda zake. Mtoto akaachia mkono wa mama yake akachuchumaa katikati ya watu, macho chini. Watu wakacheka. Alipomuuliza kwa nini, mtoto akajibu kwamba baba ndivyo anavyofanya.

"Mimi sikukukimbia ulipofungwa," aliniambia. "Mjomba ndiye alinichukua, nami nilikungoja. Hata baada ya siku ile nilikuwa nambembeleza mjomba. Lakini huyu mtoto hajafungwa. Niandikie talaka yangu, tafadhali, asikuone mpaka atakapokuwa mkubwa."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilikuwa na tanuri, nilikuwa na wateja, nilikuwa nimeshaweza kusikia "We!" mara tatu mfululizo bila kushuka. Sikumwambia hata moja. Nilimuuliza swali moja tu, kama mtoto aliinuka mwenyewe polisi alipopita.

"Hapana," alisema. "Alibaki chini. Alikuwa anangoja aambiwe."

Niliandika talaka alasiri ile ile.