Mdomo wa Wachambua Kahawa

Majina yote ninayo kichwani. Nani alikaa karibu na mlango, nani karibu na nguzo, nani alikuwa na kikohozi kisichopona, wote nawakumbuka, wao na watoto wao. Hapa siandiki hata moja. Ni mazoea ya wakati ule. Jina likikutoka mdomoni halikurudi, na wakati mwingine mwenye jina naye hakurudi.

Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaolewa na mtu wa reli, tukapanga chumba Namuwongo, mjini kwa Waganda, kule bondeni ambako treni ikipita vikombe vinatikisika. Shule niliiacha darasa la tatu. Kazi niliyopata ilikuwa ya kuchambua kahawa katika kiwanda kimoja ng'ambo ya reli. Tulikuwa wanawake tu. Unakaa chini juu ya gunia, ungo mapajani, unatoa punje nyeusi, zilizovunjika na vijiwe. Zile nzuri zinaingia kwenye gunia, gunia linaingia kwenye behewa, behewa linakwenda Mombasa, na kutoka hapo kwa watu ambao hatukuwaona hata siku moja, ingawa kila siku tuliambiwa wanataka nini.

Mwenye kiwanda wa kwanza alikuwa Mhindi, si mwema sana wala si mbaya sana. Enzi zake chama cha wafanyakazi kilikuwa na ofisi mjini, na kilimbana mpaka akakubali wenye watoto wachanga waje nao. Watoto walilala juu ya magunia matupu, kando ya ukuta. Katikati ya asubuhi mmoja wetu aligonga ungo, mama zao wakanyonyesha, kisha kazi ikaendelea. Halafu Wahindi wakafukuzwa nchini na kiwanda akapewa afisa wa jeshi. Watu waliopewa mali namna hiyo mjini waliitwa mafuta mingi. Ofisi ya chama ikapigwa kufuli. Katibu wake hakuonekana tena. Mke wake alizunguka akiuliza, mpaka akachoka kuuliza.

Kura ya kumchagua kiongozi wetu lakini sisi tuliendelea kupiga. Hatukuwa na karatasi, na wengi wetu kalamu hatukuijua. Waliotajwa waliacha nyungo zao sakafuni wakatoka nje. Waliobaki tukapita mmoja mmoja, kila mtu akadondosha punje kwenye ungo wa yule anayemtaka. Wakirudi, fungu kubwa liko wazi, kila jicho linaliona. Nchi nzima haikuwa na kura wakati ule. Sisi tulikuwa nayo, ndani ya ungo.

Tuliyemchagua alikuwa mjane wa Kiganda, mtu mzima, mwenye maneno machache. Shida ilikuwa moja: Kiswahili hakujua, na afisa Luganda hakujua. Mimi Kiswahili nilitoka nacho kwetu, Luganda nikakiokota sokoni Owino. Basi mjane akisema, mimi nageuza. Afisa akisema, nageuza tena. Mjane aliniita mdomo wake. "Mdomo wangu uko wapi?" alikuwa akiuliza, nami nainuka, nakung'uta vumbi.

Siku moja afisa akaja na kipande cha kitambaa kwenye ncha ya kijiti, amekishika mbali na pua.

"Mzungu huko Ulaya nakuta hii ndani ya gunia," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, kisichobagua mimi, wewe na yeye. "Kitambaa ya mtoto. Sasa nasema kahawa yetu ni chafu. Kuanzia kesho, mtoto hapana."

Mmoja wetu akanong'ona kwa Luganda, "Amshukuru Mungu hakumkuta mtoto mwenyewe."

Kicheko kikapita chini chini.

"Huyo nasema nini?" afisa akaniuliza.

"Anasema pole, afande."

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajaanza kukaa. Kesho yake nilimwacha kwa jirani na kikombe cha uji. Uji aliukataa. Aliukataa siku hiyo na siku zilizofuata, akawa ananisubiri mimi tu. Nikirudi jioni namkuta amelia mpaka sauti imekauka, utosi umebonyea, shingo imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. Nami kule kiwandani maziwa yalikuwa yananitoka bure, gauni limelowa kifuani, vumbi la kahawa limeganda juu yake. Kuacha kazi sikuweza. Mshahara wa mume wangu haukutosha hata sukari, na sukari yenyewe ilikuwa ya kupigania. Wenye watoto wote tulikuwa hivyo. Tulitazamana, tukajua mmoja wa hawa watoto atazikwa.

Kugoma kulikatazwa, na getini alisimama askari mwenye bunduki. Mjane alitusikiliza akiwa anachambua. Kisha akasema, "Mzungu anataka kahawa safi. Haya, tumpe safi."

Tukaanza. Hakuna aliyeacha kazi. Kila punje tuliigeuza upande huu na upande huu. Ukimaliza ungo unampa mwenzako naye autazame, naye akupe wake. Kwa kweli sijawahi kuona kahawa nzuri kama ile. Magunia hayakujaa. Behewa likakaa pale relini mlango wazi, mbuzi wa watu wakalala chini yake kukimbia jua.

Afisa akaja na askari wawili.

"Nyinyi mama nagoma?"

Mjane akajibu, nikageuza: "Anasema hatujagoma, afande. Tunatafuta vitambaa."

Mtu mmoja nyuma akakohoa ili asicheke. Afisa hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya nywele zake.

"Mkubwa yenu iko nani?"

Nikakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Nauliza wewe. Kila siku ni wewe nasema. Wewe ndiyo mkubwa."

"Mimi nageuza maneno tu, afande."

"Anasemaje?" mjane akauliza. Nikamwambia: anasema mimi ndiye mkubwa.

Mjane akaweka ungo chini, akainuka taratibu kwa ajili ya magoti yake, akakaza mshipi wa gauni lake la gomesi. Wanawake wa Kiganda humpigia mkubwa magoti. Yeye alisimama wima. Kiswahili alichokuwa nacho chote ni kile cha sokoni, na alikitafuta kwanza ndipo akakitoa.

"Mimi," akasema, akijigonga kifua. "Mimi hapa. Huyu, mdomo."

Afisa akamtazama kuanzia miguu yake peku mpaka kitambaa cha kichwani, akageuka kwa askari wake akicheka. "Bibi hata Kiswahili hapana jua. Nakuwa mkubwa ya nani?" Kwake yeye kila amri duniani ilitoka kwa Kiswahili. Asiyekisema hangeweza kuwa kiongozi wa mtu. Mjane akarudia, "Mimi hapa." Askari mmoja akamkalisha kwa kumsukuma bega, si kwa nguvu sana, kama mtu anayefunga mlango.

Wachambua wote walikuwa wameacha mikono juu ya nyungo. Afisa alitazama nje, lile behewa na wale mbuzi. Nadhani alimfikiria yule Mzungu wake. Hatimaye akasema watoto wakae barazani, nje, ndani hapana, na gunia lijae kabla ya jioni. Halafu akaninyooshea kidole.

"Wewe Mkenya, naleta siasa ya kwenu hapa. Kesho nisikuone. Nikikuona, nakwenda Luzira."

Nikawageuzia. Hilo lilikuwa neno langu la mwisho kugeuza mle ndani, na nililigeuza lote, hata la mimi kwenda jela ya Luzira.

Basi watoto wakapata baraza, na wangu akanipata mimi mchana kutwa. Alinenepa. Nikaanza kuchemsha mihogo kando ya reli, wachambua wakawa wananunua kwangu wakirudi. Baraza lenyewe halikuwa na ukuta. Mvua ikipiga upande, mama waliingia na kutoka wakiwa wamelowa. Mjane alipita kila jioni, akisimama kidogo kumtazama mtoto. Asante hakusema, pole hakusema. Alisema, "Leo kule kumenyesha," au, "Leo kumekauka," kisha akaendelea na njia yake. Nami nilielewa anamletea mdomo wake habari za kiwandani, siku mbaya na siku nzuri.

Mjukuu wangu sasa anakata maua kwenye shamba moja karibu na ziwa. Maua yanapanda ndege usiku, na wanaambiwa kila siku mnunuzi anataka nini. Wanataka kuchagua msemaji, na bwana mkubwa ameuliza ni nani hao wanaotaka. Mjukuu amekuja kwangu, ameketi, ananiuliza, "Jajja, nyinyi mkubwa wenu alikuwa nani?"

Nimetazama mlango kwanza. Halafu nimemwambia wamtafute mdomo asiye na mtoto anayenyonya.