Kadi Zilizofukizwa Udi

Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Marekani na kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli, ambazo watu huzikusanya na kuuziana, zote chakavu: pembe zimelika, nyengine ina mkunjo katikati ya uso wa mchezaji. Nikamwambia kaleta takataka. Shemeji yetu anayo moja safi kabisa, kaifungia benki, hata dada hajaiona.

“Kadi safi wanaigombania matajiri wachache,” kaka alinieleza. “Hizi hata mwalimu anazimudu, kwa hivyo mnunuzi hakosekani, na bei inapanda polepole.” Nikaona anajifariji tu.

Juzi mnunuzi alikuwa anakuja nyumbani, mtaani kwetu Al Khoudh, kuzitazama. Mama, ambaye hampi mgeni kitu kisichonukia, akazipanga juu ya tenga la kufukizia nguo, na chini yake chetezo cha udi kinafuka moshi. Nilipiga ukelele. Kaka akaziondoa, akazinusa, akambusu mama kichwani.

Mgeni naye alizinusa, akacheka, akanunua.

Alipoondoka, kaka akaninong’oneza: “Ingelikuwa kadi safi kama ile ya shemeji, moshi ungeliiharibia bei, na leo ningelimfokea mama. Hasara hiyo nani angelinilipa?”