Njia ya Punda

Mwenye punda wa Kasikeu hatangulii wanyama wake. Huwafuata upande wa bondeni, mkono ukiwa juu ya mtungi wa maji, akiwahimiza kwa ulimi: klo, klo. Syokau hajafika juu ya kilima tangu miguu yake ilipokufa ganzi, na alipomwuliza mwenye punda kama kuna njia ya kupanda isiyo na ngazi, huyo alijibu tu, “Fuata punda. Akiwa na mzigo hapandi wima.”

Basi leo kiti cha magurudumu kinazunguka kilima polepole nyuma ya punda. Kanisani watu humsukuma Syokau kabla hajasema anakokwenda. Mwenye punda hajagusa kiti. Kokoto anaziondoa kwa ubavu wa akala yake ya tairi, na mwiba wa mgunga anauinamia, anauokota, anautia mfukoni. Karibu na kilele, mikono ya Syokau inaishiwa nguvu. Mwenye punda anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anachuchumaa, anatazama mawingu kama mtu aliyekuja kwa ajili hiyo. Kisha ulimi unamponyoka: klo, klo. Anajiziba mdomo.

“Nisamehe, mama. Ni mazoea.”

Syokau anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mwenye punda hainuki, anangoja. Baadaye Syokau anapangusa viganja kwenye leso, anashika magurudumu tena.

“Haya,” anasema. “Nihimize.”

Naye anamhimiza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya punda, mpaka juu.