Kombe la Victorine

Muke wangu Victorine alikufa mwaka wa hamsini na tatu, mvua za kwanza zikianza. Mimi, Onema, sikuingia shule. Maneno ni yangu. Mukono unaoandika ni wa Mwavita, ambaye mutamuona humu alipokuwa angali mudogo. Nimemwambia asijipambe.

Victorine alilelewa na masista wa misioni. Hao njo walimufundisha kusoma. Mimi nilikuwa natia grisi kwenye magurudumu ya treni. Hapa Kindu reli inaisha, mizigo inashuka kwenye mabehewa na kuingia kwenye maboti ya Lualaba, na pale inaposhuka kuna kinachomwagika. Watoto wasio na watu walikuja lagare, pale treni inaposimama, kuokota muchele chini ya mabehewa. Walilala ndani ya magunia. Polisi aliwapandisha boti warudi vijijini kwao. Boti iliyofuata iliwarudisha.

Siku moja Victorine aliniletea chakula kazini, akaona mutoto amekaa anageuza-geuza kipande cha gazeti.

"Kinasema nini?" akamuuliza.

"Kimenyamaza, mama."

Alicheka njia nzima. Kesho yake akaniambia, "Baba Onema, nitengenezee pusupusu."

Nikatengeneza. Sanduku la mbao, magurudumu mawili, mufuniko wa bati kwa sababu ya mvua. Masere Marie-Louise, sista wa misioni, akamuazima vitabu vya kujaza sanduku, akaweka sharti: "Victorine, kitabu kimoja kikiharibika, vyote vinarudi." Akakubali. Hakulipwa kitu. Akitoka shamba alioga, akasukuma pusupusu mupaka lagare, akafungua mufuniko. Watoto waliacha muchele wakaja.

Jirani yetu Joséphine alimuchokoza mbele ya watu pale tunapochota maji. "Eh, Victorine! Hawa watoto wote, ulizaa na treni?"

"Ndiyo, dada. Ni bwana muzuri. Halewi, na akikuja unamusikia kutoka mbali."

Mimi nilikuwa hapo.

Mwavita alikuwa mumoja wa wale watoto. Alitoka Lokandu na mutumbwi wa wauza samaki, babu yake alipokufa. Babu yule, Mwalimu Bakari, alifundisha Korani, na wagonjwa walimufuata awaandikie kombe. Aliandika maneno ya Mungu kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akayaosha kwa maji, mugonjwa akanywa yale maji. Mwavita njo alikuwa anamushikia sahani. Hata kwenye pusupusu yetu alisoma kama muntu wa chuo cha Korani, anayumba, anaimba, na akisoma ukurasa mara chache unabaki kichwani mwake.

Halafu Victorine akashikwa na ugonjwa wa tumbo. Walimupa dawa hospitali, mwili ukakataa. Akabaki kulala kwenye mukeka. Pusupusu nikaisukuma mimi. Nilijua kufungua mufuniko tu; watoto wakubwa waliwasomea wadogo. Nikirudi, nikiwa bado mulangoni, aliniuliza, "Wamesoma?"

"Wamesoma."

"Nani amesoma muzuri?"

Nikataja majina. Alikula majina yale kuliko chakula. Siku moja akanishika mukono. "Sanduku lisikose kwenda, Baba Onema. Hata mimi nikienda."

Niliahidi. Hakuniomba kitu kingine.

Ndipo Mwavita alipokuja na bakuli. Maji yalikuwa na rangi ya majivu, vipande vya karatasi vinaelea. Kwapani alikuwa na kitabu kinachotona maji.

"Kunywa, mama."

"Ni nini?"

"Kombe. Nilichagua ukurasa yenye maneno mengi. Lakini wino ya Wazungu inakataa kutoka! Nililoweka kitabu yote, inakataa. Nikapasua ukurasa, nikasugua, nikasugua, mupaka ikaisha."

Niliinuka nimukamate. Victorine akainua kidole tu, nikakaa.

"Ukurasa gani, mwanangu?"

"Ile ya nzi."

Kile kilikuwa kitabu cha usafi. Funikeni chakula, nzi analeta ugonjwa, mambo kama hayo. Victorine alicheka mupaka akajishika tumbo. "Basi leo nakunywa nzi!" Akanywa. Na karatasi akameza. Akapangusa mudomo. "Aksanti, munganga wangu."

Kitabu nilikianika juu ya ukuni wa lupango, kwenye uwanja wa nyumba yetu. Jua lilikuwa kali.

Kikiwa bado hakijakauka, Masere akafika kumuona mugonjwa, na machungwa ndani ya kikapu. Akasimama kwenye lupango. "Nani amefanya hivi?"

"Mvua, Masere," nikasema.

Akaangalia juu. Hapakuwa hata na wingu. "Onema," akasema, basi.

Akaingia ndani. Mwavita alikuwa nyuma ya mulango, bakuli bado mukononi. Masere hakumuona. Hakuwa muntu mubaya. Naye alikuwa na wakubwa wake. Akamwambia Victorine kwa sauti ya chini, "Nionyeshe mutoto aliyefanya hivi. Yeye asiguse vitabu tena, na sanduku libaki. Sitaki kuwaazibu wote."

Victorine aliangalia sanduku. Nilijua anachotaka. Nilitaka amutaje mutoto.

"Masere, kitabu kile nimekinywa mimi."

"Umekinywa?"

"Nilikuwa na ugonjwa."

"Victorine, usinichezee."

"Mwavita, lete bakuli."

Mutoto akatoka nyuma ya mulango na bakuli. Ndani, chini kabisa, mabaki ya karatasi yalikuwa yameshikana. Masere alitazama bakuli, akatazama mutoto, akatazama mugonjwa. Nadhani alielewa yote.

"Nilisema vyote vinarudi," akasema.

"Ulisema, Masere. Mimi pia nilikubali."

Wakaja watu wa misioni wakachukua vitabu. Kile kilicholowa Masere alikiacha juu ya ukuni. Kilikuwa hakina faida tena.

Walipokwenda nikasema, "Ungemutaja tu. Sasa wote wamekosa."

"Siwezi kufukuza muntu aliyeniletea dawa." Akafunga macho. Nilifikiri amelala. "Kile kitabu kimekauka?"

"Bado."

"Kigeuze upande wa pili."

Nikaenda nikakigeuza. Kilikuja kukauka siku za matanga yake, kimevimba kama mukate.

Matanga yalipokwisha nilikitia ndani ya sanduku. Kitabu kimoja ndani ya sanduku kubwa. Kila tulipovuka reli kiligonga mbao, ko, ko. Watoto walisikia wakaja. Mwavita akasoma. Alipofika pale palipopasuka hakusimama. Alifunga macho, akayumba, akaimba habari ya nzi kutoka mwanzo mupaka mwisho, na wenzake wakaitikia.

Mutoto mugeni aliyeshuka na boti akachungulia. "Unatudanganya! Hii ukurasa iko wapi?"

"Iko na mama," Mwavita akasema, akafungua unaofuata.

Mvua tatu zimepita. Sanduku halijakosa kwenda. Mwavita amekuwa mukubwa, anafundisha wengine, na kitabu bado ni kile kile. Mimi nasukuma. Nikirudi nyumba iko kimya. Nasimama kidogo mulangoni mbele ya kuingia, nasema, "Wamesoma," na majina nayataja.