Kikombe cha Saba

Asubuhi mjukuu wangu huweka simu mezani tunapokunywa chai, na ndani yake kuna bwana mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeshiba. Anafundisha tabia ndogo ndogo za kurahisisha maisha. Funguo ziwe na mahali pamoja. Nguo za kesho zitoe leo. Maji yawe karibu na kitanda. Mjukuu wangu anaitikia kwa kichwa kana kwamba anasomewa aya. Juzi akaniuliza, "Ayeeyo, na nyinyi zamani mlikuwa na mambo kama haya?"

Nilimjibu vibaya, nikamwambia amalize chai aende kazini. Bibi mzima kumkaripia mtoto kwa swali la heshima si jambo la kujivunia. Lakini hajui alichouliza, na sitaki ajue akiwa na haraka ya kwenda ofisini. Kwa hiyo naandika.

Tulikuwa nazo tabia hizo, tena tele. Mama yangu alizaliwa kwenye msafara wa ngamia, na mtu wa msafara asiyejua kitu chake kiko wapi huachwa na wenzake. Nyumba yetu ya fito na mikeka ilikuwa na ramani kichwani mwake. Kamba upande wa kushoto. Vyombo vya maziwa vimening'inia mguuni pa kitanda, vimefukizwa moshi na kufunikwa. Viatu vimepangwa vidole vikitazama mlango. Ungeweza kuamshwa usingizini ukaambiwa tunahama, na mkono wako ungeenda mahali pake wenyewe. Wageni wa bara waliotuita watu wasio na utaratibu hawakuwahi kumwona mama akipakia ngamia kabla ya jua kupanda.

Kisha serikali ikatuhamisha yenyewe. Hiyo ni miaka ya vita vya shifta, waasi wa porini, baada ya uhuru wa Kenya, ambao kwetu ulikuja na bunduki. Tulikusanywa kando ya mji wa Garissa, nyumba kwa nyumba, tukazungushiwa seng'enge. Mahali hapo palikuwa panaitwa manyata, neno zuri kwa jela. Ngamia wetu walipigwa risasi siku moja, mchana, mbele ya baba. Walisema ngamia ndio wanaobeba silaha za shifta. Tukabakiwa na mbuzi wachache, waliotoka asubuhi na askari wa kuwachunga na kurudi jioni kabla ya lango kufungwa.

Mama hakulia. Alipanga nyumba upya. Vipande vya baba na vyake, yaani vitambulisho, akavitia kwenye kifuko cha ngozi, akakitundika kwenye nguzo iliyo kulia mwa mlango, maana askari akiomba kipande hangoji uanze kupekua. Mtungi ulijazwa kabla ya alasiri. Kuni ziliingizwa ndani mapema. Mchana tulikula mapema, chakula kikingali moto, kwa sababu ukaguzi ulikuja wakati wowote na chakula kilichoachwa kukaguliwa hakirudi na ladha yake. Kwa hayo madogo tuliishi, na nakiri yalitusaidia. Jirani zetu waliokuwa wakitafuta vipande vyao chini ya mikeka walipigwa vitako vya bunduki. Sisi hatukupigwa.

Na kulikuwa na tabia moja iliyozitangulia zote, aliyoirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kabla hajammiminia mtu yeyote maziwa ya asubuhi, alimimina kikombe cha mgeni. Alikifunika kwa kawa, akakiweka juu ya sanduku. Kisha ndipo akagawa yaliyobaki kwa sisi sita: bibi mzaa baba, baba, yeye mwenyewe, mimi, na wadogo zangu wawili. Yakitosha yametosha, yasipotosha basi. Mgeni akija kabla ya jua kuinama alikuta fungu lake, na kwetu mgeni haulizwi hata habari ya safari kabla hajanywa. Asipokuja, wadogo walikinywa. Mama alikuwa akisema ukitoa la mgeni kwanza moyo hautangatangi tena siku nzima, hata akitokea mtu mlangoni huna haja ya kuangalia ndani ya chungu. Mwisho wa hesabu ilikuwa tabia ya kumrahisishia maisha, kama zile za bwana wa simu.

Ndani ya seng'enge hakuna mgeni aliyekuja. Nani angekuja? Watu wa nje walihitaji ruhusa kuingia, na watu wa ndani walikuwa na njaa moja. Bado kila asubuhi mama alimimina. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nikimtazama kwa hasira, maana maziwa yalikuwa haba na bibi yangu alikuwa anakonda. Sikusema. Mtoto wa kwetu hamsemeshi mama yake mambo ya mgeni.

Sasa nije kwangu. Kabla ya manyata nilikuwa nikipeleka maziwa kwenye laini za polisi, makazi yao, na huko nikaokota Kiswahili. Nyumbani hakuna mwingine aliyekijua zaidi ya salamu. Nilijiona bingwa. Askari wakija kukagua, mimi ndiye niliyesimama mlangoni kujibu, mgongo wima, na baba alikuwa akinitazama kwa fahari ambayo hakuificha. Waswahili wana msemo kwamba ulimi uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Siku hiyo walikuja watatu, saa nne hivi asubuhi. Mkubwa wao alikuwa na daftari la idadi ya watu kwa kila nyumba. Hakuwa mkali. Alitusalimia, akamwita bibi yangu mama. Kipande kilitolewa pale pale, mkono wa baba ukaenda kwenye kifuko bila kutafuta, na yule mkubwa akatabasamu. Alikuwa anageuka kuondoka alipoona vikombe. Tulikuwa ndio kwanza tumepokea maziwa. Akahesabu kwa kidole.

"Nyumba hii ni watu sita," alisema. "Kile pale juu ya sanduku cha nani?"

"Hicho ni cha mgeni," nikajibu.

"Mgeni gani?"

"Bado hajakuja."

Alilifunga daftari. "Anakuja lini?"

"Hatujui. Mungu ndiye anayejua."

"Anatoka wapi huyo mgeni?"

Na mimi, bingwa wa Kiswahili, nikiwa na haraka ya kuonyesha kwamba hakuna swali linalonishinda, nikajibu, "Popote. Anaweza kutoka porini."

Hakuna neno hata moja la uongo. Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote, nikiyapindua huku na huku, na sijapata mahali nilipodanganya. Ndiyo desturi yetu, nimeieleza sawasawa kama nilivyofundishwa. Mtoto yeyote wa kwetu angejibu hivyo hivyo. Mtu wa bara aliyeletwa kutafuta shifta, akisikia kuna anayengojewa, anayetoka porini, asiyejulikana saa yake, na ambaye amewekewa maziwa kabla ya watoto wa nyumba, ataelewa nini?

Nilitambua nilichofanya pale tu walipomshika baba mkono. Nikaanza kueleza upya, nikasema ni dini, ni desturi, ni mgeni yeyote tu, hata nyinyi. Kiswahili changu chote kilikimbia. Baba hakujua kilichosemwa. Aliniuliza kwa lugha yetu, kwa utulivu, "Umewaambia nini, aabo?" Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lake mwenyewe la uzazi, baba humwita mwanawe baba, ndiyo mapenzi yetu. Sikumjibu. Walimtoa nje akiwa bado ananitazama akingojea jibu. Kikombe mmoja wao alikimwaga chini, sijui kwa nini.

Mama alikwenda langoni kila siku na chakula. Siku ya kwanza aliambiwa yuko kituoni, siku ya tatu hayuko, siku ya tano hakuna mtu wa jina hilo. Alikuwa anarudi na sufuria ile ile ikiwa imejaa, na tulikula chakula cha baba tukiwa tumeinamisha macho. Nyumba nzima ilikuwa inangoja jambo moja tu, kama atarudi au hatarudi, na hakuna aliyelitaja.

Na kila asubuhi, pamoja na hayo yote, mama alikuwa anamimina kikombe cha mgeni.

Siku ya nane au ya tisa nilimshika mkono. Ndiyo, nilimshika mama yangu mkono. "Hooyo," nikamwambia, "ukikiweka tena watakuja kumchukua nani? Bibi? Wewe?"

"Na mgeni akija?"

"Hakuna mgeni. Kuna seng'enge. Kikombe hicho ndicho kilichomchukua baba."

Nilisema kikombe. Sikusema mimi. Mama akaona kwamba ni ulimi wangu, naye akanisitiri. Akamimina yale maziwa kwenye kikombe cha bibi. Kikombe cha saba akakisuuza, akakifunika kifudifudi, akakitundika. Tangu siku hiyo hakukigusa.

Nilidhani nimeokoa nyumba. Sikujua kwamba tabia zimeshikana mikono, ukiitoa moja nyingine zinalegea. Mtungi ukawa unajazwa tukikumbuka. Viatu vilitupwa popote. Siku moja nilimkuta mama anatafuta kamba, mama yangu, anatafuta, anainua mkeka huu na ule. Nikatoka nje ili nisimwone.

Baba alirudi baada ya mwezi na siku kadhaa. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosini, mbuzi wako mbali malishoni. Alitokea mlangoni peku, bila fimbo, na mwanamume wa kwetu bila fimbo ni sawa na aliyevuliwa nguo. Jicho moja lilikuwa halifunguki vizuri. Akatoa salamu kama mtu wa njiani anavyotoa, akaketi karibu na mlango, mahali anapoketi mgeni. Hata leo sijui kwa nini aliketi pale.

Macho yake yakaenda juu ya sanduku.

Hapakuwa na kitu. Maziwa ya asubuhi tulikuwa tumeyamaliza mpaka tone, maana hakuna tena aliyewekewa. Mtungi ulikuwa mtupu. Na kwa sababu hakuwa amekunywa, hatukuweza kumuuliza chochote. Tuliketi tukimtazama, mkewe, mama yake, wanawe, kila mmoja ana swali kooni, na desturi imetufunga midomo.

Nikatoka mbio kumwombea fungu la mgeni kwa majirani. Nyumba ya kwanza wakaniambia hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu mama mmoja rafiki wa mama alisimama mlangoni, akaniambia bila kunitazama, "Tumeacha, binti yangu. Tangu yaliyompata baba yako sote tumeacha kuweka." Nilipita nyumba nyingi. Manyata nzima haikuwa na kikombe cha mgeni, watu ambao babu zao walikuwa wakilala njaa ili mpita njia asilale njaa. Jambo ambalo serikali na bunduki zake haikulitaka wala kulijua, nililikamilisha mimi kwa maneno machache ya Kiswahili sanifu.

Waswahili wa pwani wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo darasani kwa miaka mingi, maana Kiswahili ndicho kilichonilisha baadaye, na kila mara nilikuwa nawapa mgongo nikijifanya naandika ubaoni.

Nilirudi na maji ya uvuguvugu ya kuazima kwenye kibuyu. Baba akanywa. Alipomaliza mama akamuuliza ni nini walichotaka kwake.

"Walikuwa wananiuliza kikombe ni cha nani," alisema. "Kila siku hilo hilo, na mkalimani. Nikasema ni cha mgeni, wakanipiga. Nikasema tena ni cha mgeni, wakanipiga. Mwisho nikachoka. Nikawaambia ni changu. Nikasema, mgeni ni mimi, nitakinywa nikirudi nyumbani." Akajaribu kucheka. "Nikawa najua kipo. Huko ndani nilikuwa nikisema, sasa hivi ameshamimina, sasa hivi ameshakifunika. Hilo lilinisaidia."

Mama aliinuka, akakitungua kile kikombe pale kilipotundikwa, akakipangusa vumbi kwa ncha ya shuka yake, akakiweka juu ya sanduku, kitupu. Baba akakiona kitupu. Akanigeukia mimi, akaniuliza, "Leo wamekunywa watoto?"

Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hilo, na ndio pekee uliosaidia mtu.

Baba hakuzifikia mvua za pili. Kifua hakikupona. Hakuniuliza tena siku ile niliwaambia nini, na mama alikufa mzee bila kumwambia mtu.

Mimi nimekaa mjini siku nyingi, nina friji na maziwa ya pakiti. Kila asubuhi, kabla sijamimina chai ya mtu yeyote, namimina kikombe kimoja, nakifunika kwa kisahani, nakiweka juu ya kabati. Adhuhuri nakinywa mwenyewe, kimepoa, bila hamu. Mjukuu wangu ameshaniuliza mara nyingi ni cha nani.

Namwambia ni changu.