Begi la Doto

Enzi zetu kule Sapiwi, nyinyi tuliosoma pamoja mtanishuhudia, madaftari yalibebwa kwenye rambo la plastiki, na mvua ikinyesha unalificha chini ya sweta unatimua mbio. Basi pacha wangu Doto alipojishonea begi kwa kiroba kilichokuwa na mbegu za pamba, lenye mkanda wa kupita begani mpaka kiunoni, darasa zima la tano lilimwonea wivu. Mimi Kulwa, niliyemtangulia kuzaliwa, nilinuna siku mbili.

Siku ya tatu Doto akaanza kujikuna. Kwanza ngozi iliwasha tu, kisha ikatoka vipele, jioni ikawa inachoma kama imepakwa pilipili. Mwalimu akasema ni ukurutu wa kuambukiza, akamrudisha nyumbani. Wenzetu wakalihama dawati letu. Na Ijumaa kulikuwa na mechi ya netiboli, mfungaji wetu ni Doto! Alilia mpaka akakataa michembe ya viazi na karanga. Hapo mayu, ndivyo tulivyomwita mama, akatupeleka zahanati sote wawili.

Nesi hakukimbilia dawa. Aliuliza kulianza lini, kulianzia wapi, nani mwingine anawashwa.

"Mnalala pamoja?"

"Hata shuka ni moja," nikajibu.

Akakagua katikati ya vidole vya Doto, upele wa kuambukiza unakopenda kuanzia, hakuna kitu. Akachukua kalamu, akazungushia vipele mstari tuone kama vitatambaa. Mstari ukatoka begani, ukakata mgongo, ukaishia kiunoni.

"Mayu, huyu anavaa nini ambacho mwenzake havai?"

"Begi!" nikadakia.

Mayu akajishika kichwa. "Kiroba cha mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu! Na sindano nilimpa mimi."

Nesi akaagiza Doto aoge kwa sabuni na maji mengi, nguo zifuliwe, begi lifukiwe. Akamwandikia mwalimu barua kwamba upele huo hauambukizi. Kufikia Ijumaa hakuna kipele kilichokuwa kimevuka mstari, na Doto akacheza. Wapinzani walikuwa wamesikia habari za upele tu, habari za barua hazikuwafikia. Hakuna aliyethubutu kumkaba. Alifunga mpaka akachoka.

Vijana wa leo kipele kikitoka wanakipiga picha, wanatuma kwenye kundi la wasapu, na kabla hawajavaa shati wameshatajiwa dawa kumi. Juzi binti yangu alinionyesha picha ya kiwiko chake chenye vipele kwenye simu, naye amekaa pembeni yangu! Nikamwambia aweke simu chini. Nikaanza: sabuni mpya? Mafuta?

"Mama, unanihoji kama polisi."

Tukacheka. Lakini mkono wake aliuacha magotini pangu, hata nilipomaliza kuutazama.